Kiboko Alivyokikataa Kiti

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao, mikeka yao na wakwe wa kugombana nao, walikuwa pia na chama, wakikiita Chama cha Kuzikana. Msicheke. Wanyama nao walikuwa wanakufa.

Kazi ya chama ilikuwa hiyo moja tu. Ukifiwa, wanachama wanakuja na majembe, wanachimba, wanabeba, wanafukia. Kina mama wanapika. Halipwi mtu hata punje. Faida yake ni kwamba siku yako ikifika, na wewe hutalala juu ya ardhi kama gogo.

Chama chenyewe kizuri. Kamati sasa.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Makamu wake Nyati. Mtunza vifaa, yule mwenye ufunguo wa banda la majembe na jeneza, alikuwa Kifaru. Miaka kumi na miwili wamekalia viti vile vile mpaka viti vimeshika umbo la makalio yao. Na msibani huwaoni mpaka pilau linukie. Kaburi likichimbwa, Kiboko anaumwa mgongo. Nyati ana wageni nyumbani. Kifaru ati macho hayaoni vizuri juani, lakini sinia la nyama likipita upande wa pili wa uwanja analiona, tena anajua pande nono liko wapi.

Mtaniuliza, walichaguliwaje watu kama hao? Uchaguzi ulikuwepo, kila mwaka. Ngojeni niwaambie ulivyokuwa.

Mtu hajipendekezi mwenyewe, ilikuwa aibu. Unapendekezwa na mwenzako, mwingine anaunga mkono, halafu unaulizwa: unakubali? Na hapo ndipo palipokuwa na mchezo wao. Ukikubali papo hapo, wewe una tamaa, hukulelewa. Heshima ni kukataa kwanza. Unasimama, unakohoa, unasema, "Mimi jamani hapana, nimechoka, tafuteni wengine." Wanachama wanakubembeleza. Unakataa tena. Kanga anajitupa chini, analia, "Usituache yatima, baba." Unakataa mara ya tatu, halafu unashusha pumzi, hohoo, kama mtu aliyebebeshwa gunia. "Basi. Nitakaa kwa ajili yenu."

Kwa ajili yetu. Miaka kumi na miwili.

Sasa huko juu majabalini alikuwa akikaa Pimbi mmoja, mjane, jina lake Somoe. Pimbi mnamjua, kadogo, kama panya aliyenenepa akasahau mkia, nyayo zake laini kama maandazi. Hawezi kuchimba hata shimo la mbegu ya boga. Na nyumba yake iko juu ya mwamba mtupu.

Alikaa na mama mkwe wake, Bi Kizee, ambaye mwaka mzima alikuwa kitandani. Somoe anamgeuza, anamwosha, anamlisha uji kwa kijiko. Badala ya ahsante anapokea tusi, lakini hayo ni ya ndani kwao. Neno ni kwamba katika mwaka huo misiba mitatu ilipita, na Somoe hakwenda hata mmoja. Angemwachia nani mgonjwa, na siku ya msiba majirani wote wako makaburini?

Siku moja akaja Kobe, katibu wa chama, daftari limefungwa mgongoni. Alitumwa Jumatatu, akafika Alhamisi.

"Somoe," akasema, "nimetumwa na kamati. Umekosa misiba mitatu. Kamati inataka nyumba yako ifutwe kwenye chama."

"Ifutwe vipi, Kobe? Mimi nina mgonjwa. Si unamsikia huyo anavyokohoa?"

"Namsikia. Mimi naandika tu."

"Na Kiboko alikwenda kwenye misiba hiyo?"

Kobe akaingiza shingo ndani kidogo. "Kiboko ni kamati. Kamati haihesabiwi."

"Nimeuliza, alikwenda?"

"Alifika wakati wa pilau."

"Nafutwa lini?"

"Mwezi ukiandama, siku ya uchaguzi. Kamati mpya ikishakaa tu, ajenda ya kwanza ni wewe. Ya pili ni jeneza, limetoboka."

Kobe akageuka kwenda zake. Kugeuka kwenyewe kulichukua muda wa kuchemsha chai.

Kutoka ndani ikaja sauti. "Nimesikia yote. Haya. Nikifa nisukumeni tu niteremke mlima mwenyewe."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Wewe na hivyo viganja vyako utachimba kaburi? Utanirundikia mawe kama muhogo wa wizi? Fisi ananisubiri huko chini, namsikia anavyomeza mate. Mwanangu angemwoa yule Nungunungu nisingekuwa na taabu hii."

Maneno ya Nungunungu Somoe alikuwa ameyasikia tangu siku ya pili ya ndoa, hayakumwuma. Lililomwuma ni mkono wa Bi Kizee. Ulikuwa juu ya blanketi, unatetemeka. Yule bibi kufa hakuogopa. Aliogopa kuachwa wazi.

Somoe akakaa mlangoni akawaza. Kwenda kumlilia Kiboko? Kiboko angemwambia njoo kesho mpaka Bi Kizee aoze. Kumpinga kwenye uchaguzi? Kura zilipigwa kwa kunyoosha mkono, Kiboko amekaa mbele anatazama kila mkono ni wa nani. Hapana.

Halafu akamkumbuka Kobe na kalamu yake.

Kila mwaka Somoe alikaa safu ya mbele, kwa sababu ya ufupi, akawa anaona daftari. Kobe anaanza kuandika jina la aliyependekezwa, kr, kr, kr, herufi moja mtu anaweza kusuka nywele. Akifika kwenye jibu, yule mkubwa tayari amekataa mara tatu na ameshakubali. Kobe anaandika amekubali, anagonga muhuri, basi. Kule kukataa hakukuwahi kuikuta kalamu imefika. Na muhuri wa Kobe ukishagongwa umegongwa. Mwaka mmoja aligonga kwa makosa kwamba Swala amekufa, na Swala alizikwa jina lake mpaka mwaka uliofuata, hapewi chakula msibani.

Somoe akacheka peke yake, hi hi hi.

"Unacheka nini?" akauliza Bi Kizee. "Mimi nakufa, wewe unacheka."

"Nacheka dunia, Mama."

Asubuhi akamwomba jirani akae na mgonjwa. Jirani mwenyewe ni yule yule Nungunungu. Bi Kizee akafurahi, akavaa na hereni. Somoe akateremka mlima.

Kwanza kwa Muhanga. Huyu ndiye mchimbaji. Makaburi yote ya nchi ile aliyachimba yeye, na akimaliza kunawa anakuta masufuria yamekwanguliwa.

"Kaka Muhanga," akasema Somoe, "unampenda Kiboko?"

"Mimi sina neno naye."

"Nimeuliza unampenda?"

Muhanga akatazama nyuma, akatazama pembeni. "Punguza sauti."

"Utaweza kunyoosha mkono kumpinga?"

"Nina watoto, dada."

"Basi usinyooshe. Usiseme kitu. Mwaka huu akisema hataki kiti, wewe nyamaza. Ni hilo tu."

"Ninyamaze?"

"Mkubwa amesema amechoka. Wewe nani umbishie?"

Masikio ya Muhanga, mnayajua yalivyo marefu, yakasimama. "Kumbe ni heshima."

"Tena kubwa."

"Na hawezi kunikasirikia."

"Akukasirikie kwa sababu umemsikiliza?"

Muhanga akamwambia Kindi. Kindi akawaambia Kwale. Kwale ndio hao, hawana siri. Kabla jua halijageuka, wadogo wote wamejua. Kumpinga Kiboko hakuna aliyekuwa na moyo huo. Lakini kumtii, nani angeshindwa?

Akabaki Kanga. Kanga hawezi kunyamaza hata akiwa amelala. Na kule kubembeleza ndiko kulikompa jina, kila mwaka baada ya uchaguzi Nyati humpa kitambaa. Somoe akajua huyu ukimwambia nyamaza, atakwenda kumwambia Kiboko kwamba ameambiwa anyamaze.

"Shoga," akamwambia, "mwaka jana ulianza kulia mapema mno. Watu wanasema kilio chako kimezoeleka."

"Nani kasema?"

"Sitaji mtu. Mwaka huu subiri. Wenzako wote nimewaomba watulie, wakuachie wewe. Waache wakubwa wakatae, wakatae, mpaka watu wawe roho juu. Kobe akigonga muhuri tu, puu, unaanguka. Uwanja mzima unakutazama wewe."

Kanga akajitazama madoadoa yake. "Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

"Nitavaa shanga."

Wakabaki wakubwa. Somoe akamkuta Kiboko bwawani, amezama, yametoka macho na matundu ya pua.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya kufutwa, nenda kaongee na Nyati."

"Sikuja kwa hilo, mzee wangu. Nimekuja kwa ajili ya jina lako. Linachezewa huko mitaani."

Maji yakafanya blup, blup. "Linachezewa na nani?"

"Wanasema kiti unakipenda. Ati unakataa mara tatu za mdomo halafu unakaa haraka kama mtu aliyesukumwa. Wanamsifu Nyati. Amewaambia mwaka huu atakataa mara tano, na ataapa."

Huo sasa ulikuwa uongo wa Somoe, na wala hakupepesa jicho.

Kiboko akatoka nusu. "Nyati? Nyati hajawahi kukataa hata sahani ya pili. Unyenyekevu wa nchi hii ni mimi."

"Ndivyo nilivyowaambia."

"Nitakataa mara saba."

"Saba, mzee? Utawaua watu kwa kilio."

"Wafe, tutawazika. Na kuapa nitaapa, kiapo ambacho huyo Nyati hajapata kukisikia."

"Ila mzee, usishtuke wakikaa kimya mwanzoni. Watu wakiguswa sana sauti haitoki."

"Najua," akasema Kiboko. "Nimewagusa mara nyingi."

Somoe akaenda kwa Nyati, akamwambia Kiboko anakataa mara saba. Nyati akapuliza pua, fuu, akasema yeye atakataa mara tisa. Akaenda kwa Kifaru. Kifaru kuhesabu hakujui, akasema yeye ataendelea kukataa mpaka wenzake wote wachoke. Mtu mzima na pembe yake anajisifu kwa hilo, na jioni akamsimulia mke wake.

Mwezi ukaandama. Wakajaa uwanjani, hata Somoe na Nungunungu, maana Bi Kizee aliwafukuza waende wote wawili, ati kaburi lake liko huko. Viti vitatu mbele, wanachama chini, Kobe kwenye meza ya gogo, daftari limefunguliwa tangu alfajiri ili asichelewe ukurasa.

Kwa desturi wale watatu walipendekezwa kwa pamoja, kusudi wasifikiri mmoja anapendwa zaidi. Kanga, shanga shingoni, akawapendekeza. Muhanga akaunga mkono, sauti kama ya mtu aliye shimoni. Watatu wakasimama mbele, uwanja ukawa mdogo.

"Mliopendekezwa," akasema Kobe, "mnakubali au hamkubali?" Akainama akaanza kuandika majina. Kr, kr.

Kiboko akakohoa. "Ndugu zangu, mimi hapana. Nimechoka. Tafuteni wengine."

Kimya.

Nyati akasogea mbele hatua moja. "Mimi pia sitaki. Nilikuwa sitaki hata mwaka jana."

"Mimi sitaki kuliko hawa," akasema Kifaru.

Kimya. Kwale mmoja alitaka kufungua mdomo kwa mazoea, mwenzake akamkanyaga. Kiboko akapitisha macho uwanjani, akaona wote wameinamisha vichwa. Akadhani wanazuia machozi.

"Nasema tena sitaki," akaongeza, mkono kifuani. "Kiti hiki kwangu ni mzigo. Sijawahi kukipenda hata siku moja."

"Kwangu mimi ni adhabu," akasema Nyati. "Nikikitazama tumbo linaniuma."

"Langu linaniuma hata nisipokitazama," akasema Kifaru.

Kr, kr, kr, kalamu ya Kobe. Jina la Kiboko limekwisha, yuko kwenye la Nyati.

Mara ya nne. Mara ya tano. Somoe amekaa safu ya mbele, hawaondolei macho, maana mmoja tu akilegea, akisema basi kwa ajili yenu, Bi Kizee hana kaburi. Akamwona Nyati anashusha pumzi ile ya mwisho, ile ya gunia. Somoe akasema taratibu, kama anajisemea, "Maskini, Nyati ameshindwa, amebaki Mzee Kiboko."

Nyati pumzi akairudisha ndani. "Nani ameshindwa? Naapa! Nikikaa umakamu tena, pembe hizi ziote kwa ndani!"

"Pembe kitu gani," akasema Kiboko. "Mimi naapa mbele ya chama, nikikalia kiti hiki tena, maji ya dunia yote yanikaukie, ngozi ipasuke vipande saba, na wanangu wasinijue."

Hapo hata Kindi akaguna.

Kifaru akaona viapo vizuri vimekwisha chukuliwa. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Mwishowe akavua ufunguo wa banda shingoni akautupa chini, cheng. "Kama naudanganya umma, wenye ufunguo na wauchukue."

Muhanga akauokota, akaufuta vumbi.

Kalamu ikasimama. Kobe akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili alikuwa amefika kwenye jibu huku jibu bado linasemwa. Akafurahi mpaka macho yakamlowa.

"Kwa hiyo hamkubali," akasema.

"Hatukubali," wakasema wote watatu, kila mmoja akijitahidi sauti yake iwe juu ya wenzake.

Kobe akaandika. "Kitabu kinaniagiza nikiulize kikao. Tuheshimu jibu la wakubwa wetu?"

"Tuheshimu," wakasema wanachama, kwa adabu sana, vichwa chini.

Muhuri ukashuka. Pwaa.

Na puu, Kanga akaanguka. Alilia yule, jamani. Alijigaragaza shanga zikakatika. "Msituache yatima, baba zetu, msituache!" Alilia vizuri kuliko miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyemwitikia.

Kiboko akashusha pumzi, hohoo. "Basi. Kwa kuwa mmenililia, nitakaa kwa aji—"

"Limekwisha, mzee," akasema Kobe. "Nimegonga."

"Umegonga nini?"

"Hawakukubali. Tarehe ya leo."

"Wewe Kobe una wazimu? Tulikuwa tunakataa kwa adabu."

Kobe akapekua daftari, ukurasa, ukurasa, ukurasa. "Hapa kuna amekubali, na kuna hakukubali. Mstari wa adabu haupo."

Kiboko akafungua mdomo, ule mdomo wake mnaoujua. Wadogo wakarudi nyuma. Somoe peke yake akasimama.

"Mzee wangu," akasema, "tusaidie kuelewa. Umetuapia mbele ya chama. Ulikuwa unasema kweli au ulikuwa unatudanganya?"

"Mimi sidanganyi."

"Basi umechoka kweli, pole sana. Kapumzike."

"Lakini nilikuwa..." Kiboko akasimama hapo. Akitazama huku, ni mwongo wa kiapo. Akitazama kule, hana kiti. Mtu mkubwa kama nyumba, amekosa pa kutokea. Akamtazama Nyati. Nyati alikuwa anapapasa pembe zake kwa siri.

"Mimi sidanganyi," akarudia Kiboko, akaenda kukaa chini.

"Nafasi ya mwenyekiti iko wazi," akasema Kobe. "Nani anapendekezwa?"

"Somoe," akasema Nungunungu.

"Naunga mkono," akasema Muhanga, na safari hii sauti ilitoka.

"Somoe Pimbi, unakubali au hukubali?"

"Nakubali."

Kalamu ikamdondoka Kobe. Tangu chama kianzishwe neno hilo halijapata kuja la kwanza.

"Sema tena."

"Nakubali. Kiti nakitaka. Nimeteremka mlima kwa ajili yake."

"Hana malezi huyu," akasema Kiboko kutoka chini.

"Mzee, wewe umeshapumzika," akasema Nungunungu. "Pumzika vizuri."

Mikono ikanyooka. Sasa Kiboko kakaa nyuma, mikono ya nani na nani hajui, anaona migongo tu.

Wakaja kwenye makamu. Mtu akampendekeza Kanga, kumfuta machozi. Kanga akainamisha shingo, akachora chini kwa kidole. "Mimi jamani hapana, mimi na umakamu wapi na wapi..." Kobe siku hiyo mkono ulikuwa umepata moto. Pwaa. Kanga kalia tena, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Akapendekezwa Muhanga. Kobe hajamaliza kuuliza, Muhanga anasema, "Nakubali, nakubali, nakubali, andika." Na Nungunungu akapewa banda la vifaa.

"Ajenda ya kwanza," akasema Kobe. "Nyumba ya Somoe Pimbi. Misiba mitatu."

Somoe akashuka kitini. Kilikuwa kirefu, aliruka. "Hili linanihusu mimi, sitalisimamia. Makamu, kaa wewe."

Muhanga akakaa kwa woga, kama kiti kina miba. "Kobe, tusomee waliokosa misiba mitatu mwaka huu. Wote."

"Wote, hata wale ambao hawahesabiwi?"

"Leo wanahesabiwa."

Kobe akasoma. "Somoe Pimbi, alikuwa anauguza. Kiboko. Nyati. Kifaru. Hawa walifika wakati wa pilau."

"Ni wanne," akasema Muhanga. "Kikao mnasemaje, tuwafute wote wanne, au tuwaache wote wanne?"

Pale nyuma Kiboko akainua mkono upesi. "Mwenyekiti alikuwa anauguza, jamani. Tusiwe na roho mbaya. Tuache wote."

"Naunga mkono," akasema Nyati.

"Ujumlishe na mimi," akasema Kifaru.

Somoe akapanda mlima mbio. Akamkuta Bi Kizee ameketi kitandani, hereni masikioni.

"Wamekubali kunizika?"

"Wamekubali, Mama."

"Kina gani?"

"Utakacho wewe."

Bi Kizee akafikiri. "Kirefu. Na achimbe yule mnene." Halafu akalala, akamwambia Somoe uji wa leo una mabonge, tena mwanawe angalimwoa yule Nungunungu.

Alikaa mwezi na siku chache, akafa akiwa amelala, mkono umetulia juu ya blanketi. Chama kikaja chote. Wakamteremsha mpaka chini kwenye udongo laini, Muhanga akachora mipaka ya kaburi, akampa Kiboko jembe. Lilichimbwa kwa kina kirefu. Pilau lilikuwa linanukia upande wa pili, na Nungunungu amelifunika, ameketi juu ya kifuniko.

Somoe akasimama ukingoni na machozi yake. Kobe akafungua daftari la mahudhurio akaanza kuita. Nyati akajibu huku anabeba udongo. Kifaru akajibu. "Kiboko?" Kimya. Kobe akashika kalamu, akauliza tena, "Kiboko hayupo?"

Kutoka chini shimoni ikatoka sauti, upesi upesi, kabla kalamu haijagusa karatasi: "Nipo, nipo, andika nipo!"

Basi wajukuu zangu, kitu mkikitaka semeni mnakitaka, na mkisema hamtaki, msije mkamchukia aliyewasadiki.